Kofia ya jino: ya chuma ao nyeupe?

Munganga wa meno akimaliza kusafisha mizizi ya jino na kuiziba, anasema: "Sasa inapashwa kulivalisha kuroni." Hapo njo maulizo inaanza. Ya chuma? Ya porselini? Ya zirkonia? Mutu amekaa mu kiti, mudomo wazi, nusu ya uso imekufa ganzi, na paka saa ile wanamuomba achague kitu chenye kitakula mushahara wake. Anauliza mambo mawili: ni bei gani, na kama ni nyeupe. Sisi tunaona kuko ulizo lenye kupita hayo mawili: ni jino gani lenye kuvalishwa, na limebakia kiasi gani?

Kuroni ni kofia. Wale wa mine wanajua kofia inafanya kazi gani. Jino lenye kuoza sana, kisha likauliwa mushipa, liko sawa galeri yenye waliondolea miti ya kushikilia. Kwa macho inasimama. Siku ile unauma mufupa ao mahindi ya kuchoma, inaanguka, na mara ingine inapasuka mpaka mu muzizi. Hapo hakuna tena dawa, ni kung'oa tu. Ndiyo maana jino la nyuma, lenye kutafuna, lisikae bila kofia kisha kutunza mizizi.

Sasa tuseme wazi mambo yenye watu mingi hawapendi kusikia: kwa jino la nyuma la mutu wa kazi ya nguvu, kuroni ya chuma tupu ni moja ya zile za kutumainiwa zaidi. Haipasuki. Haimeguki. Inakuwa nyembamba, kwa hiyo munganga anakata jino kidogo, karibu milimita 1 tu fasi ya kutafuna. Ile ya porselini yulu ya chuma inataka milimita 1,5 mpaka 2, na kile chenye kukatwa hakirudi tena. Tena ya chuma, ikitengenezwa muzuri, inaweza kukaa miaka makumi. Watu wanaikataa juu ya haya: "Nitacheka namna gani?" Lakini jino la mwisho, nani analiona? Bibi yako tu, siku unapiga muayo.

Ile ya dhahabu njo ya zamani, na waganga mingi wangali wanaisifu, sababu haiumize jino lenye kukutana nayo. Lakini si dhahabu tupu. Wanaichanganya na feza nyeupe, na paladiamu, na tena shaba, juu dhahabu peke yake iko laini. Leo bei ya dhahabu inafukuza watu, na fasi yake imechukuliwa na mchanganyiko wa kobalti na kromu. Watengenezaji wa meno wanaujua tangu miaka ya 1930. Kobalti, ndugu zetu! Congo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia. Sehemu kubwa inaenda mu batri za simu na za motokari, lakini kipande kidogo kinaingia pia mu midomo ya watu. Mutu wa Kolwezi anaweza kulipa dola mingi kwa kurudishiwa kitu chenye aliona kinapita mu kamioni. (Mwenye kuvaa hana hofu ya vumbi. Mwenye kuisaga mu laboratwari njo anapashwa kuvaa maski, sababu vumbi ya hii chuma inaharibu mapafu, mambo yenye wasomaji wetu hawana lazima ya kufundishwa.)

Kuko mchanganyiko ingine, wa nikeli na kromu, wenye bei ya chini. Huu, uulizie. Kuna watu, zaidi sana wamama, wenye ngozi inakataa nikeli. Alama yake ni nyepesi: mama mwenye masikio inawasha na kutoa maji akivaa herini za bei kidogo, aseme hiyo kwa munganga mbele ya kupimwa. Kama nyama ya meno inabakia nyekundu kuzunguka kuroni mupya, si kila mara ni uchafu.

Ya porselini yulu ya chuma ndiyo yenye watu mingi wanapewa wakisema wanataka nyeupe. Ni muzuri, lakini ujue tabia zake. Porselini inaweza kumeguka, chuma ikaonekana. Kisha miaka, nyama ya meno ikishuka, mustari mweusi unatokea pembeni. Kwa jino la katikati, mustari ule hausumbui mutu. Kwa jino la mbele, unasumbua.

Zirkonia ni nyeupe yote, bila chuma ndani, na nguvu yake ni ya ajabu. Inatoka mu mchanga wenye wanachimba zaidi sana Australia na Afrika ya Kusini, na kuroni inachongwa na mashini ya ordinateri. Mutu mwenye kusaga meno usiku anaweza kuivaa bila kuivunja. Lakini isuguliwe mpaka ing'ae. Kama munganga ameipunguza kidogo juu ilikuwa mrefu, kisha hakuisugua tena, inakuwa sawa tupa na inakula jino lenye kukutana nayo. Na siku maumivu inarudi chini yake, kuikata ni kazi ya jasho.

Kwa meno ya mbele kuko ingine yenye ndani yake muna litiamu, ile ile yenye wanasema kila siku kule Manono. Ni sawa kioo kigumu, mwanga unapita kidogo ndani yake, ndiyo maana inafanana sana na jino. Haifikii nguvu ya zirkonia, lakini meno ya mbele hayavunji mifupa.

Hapa tunawaza zaidi wale wa ukumbi wa elektrolizi. Mvuke wa asidi ya sulfuri unakula meno ya mbele pole pole: yanakuwa mafupi, makali pembeni, na maji ya baridi inauma. Waganga wanaijua hii kuwa ugonjwa wa kazi. Kuvalisha meno ile ni muzuri, lakini kama mvuke ungali unapiga, fasi yenye kofia inafungana na jino itaendelea kuliwa. Maski kwanza, mudomo ufungwe, kusukutua na maji safi mu mapumziko, na usipige muswaki mara moja kisha kutoka ndani. Tena munganga aandike mu karatasi kwamba ni asidi ya kazi. Karatasi ile inaweza kukusaidia wakati wa kuuliza nani atalipa.

Juu ya kulipa, tuseme kidogo. Mbele ya kuitika, uende uliza ku biro ya wafanyakazi: wanalipa kung'oa tu, ao na kuroni? Ya chuma tu, ao zote? Uombe bei yote kwa maandishi, na radio, na kuroni ya muda ndani yake. Sababu mutego uko hapa. Kazi hii inataka safari mbili: siku ya kukata na kupima, unavalishwa kofia ya rezini ya muda, kisha unarudi kupata ya kweli. Baba mwenye alilipa avansi ya zirkonia, feza ikaisha, anabakia na ile ya rezini mwaka mzima. Rezini inalika, inavuja, jino linaoza ndani, na ile avansi imekufa bure. Kama feza yako inatosha ya chuma yote ao nusu ya zirkonia, sisi tunasema chagua chuma, umalize.

Na kama munganga anasema haiwezekani, musimukasirikie. Inapashwa ukuta wa jino ubakie karibu milimita 2 yulu ya nyama, kuzunguka kote. Kama hakuna ukuta, hata kofia ya dhahabu itaanguka na kipande cha jino ndani. Mwenye kukubali kukuvalisha bila kupiga radio, bila kutazama mizizi, anafunika tu usaha.

Wazazi nao wajue kwamba watoto wana kuroni zao. Jino kubwa la maziwa lenye kuoza linaweza kuvalishwa kofia ya chuma isiyoshika kutu, yenye iko tayari mu sanduku, kwa safari moja, mara ingine bila sindano. Haina uzuri, lakini inashikilia fasi ya jino la ukubwa mpaka mutoto anafika miaka 10 ao 12, na kofia inaanguka pamoja na jino lake.

Kuroni ikianguka, usiigandishe na kole ya viatu ao ile ya kugandisha palepale. Uioshe, uiweke mu kakopo kasafi, utafune upande ingine, na uende nayo kwa munganga mu siku kidogo, mbele meno ya pembeni haijasogea na kuifungia njia. Kama haina kasoro, anaweza kuirudisha na simenti mupya. Na chupa ya Simba, ufungue na kifunguzi.