FIDIA HAIULIZI UMETOKA WAPI

Ndugu wafanyakazi,

Mbarara ni mji wa maziwa. Kila siku maziwa ya wafugaji wa Ankole huingia viwandani, na kila siku matangi na mabomba lazima yaoshwe. Kazi hiyo hufanywa kwa kostiki soda na asidi. Katika viwanda vikubwa, baridi ya kuhifadhi maziwa hutokana na gesi ya amonia. Vitu hivi vitatu vinaweza kumpofusha mtu au kumwua.

Tukumbushane. Kostiki hutiwa ndani ya maji. Usimwagie maji juu ya kostiki, kwa maana itachemka na kukurukia usoni. Usiichanganye na asidi. Vaa glavu ndefu za mpira, miwani, aproni na buti. Ikikurukia, vua nguo iliyolowa, jioshe kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 20, halafu uende hospitali. Usipake mafuta wala siagi. Ukisikia harufu kali ya amonia, acha kazi, waite wenzako, mwondoke kuelekea upande upepo unakotoka, bila kupita katikati ya gesi. Usirudi kuchukua koti.

Wenzetu wengi wanaotafuta vibarua mjini wanatoka kambi ya Nakivale, wilayani Isingiro: Wakongomani, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali. Kibao cha hatari ukutani kimeandikwa Kiingereza. Mtu anayejua Kiswahili tu atajiokoaje? Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri awape wafanyakazi maelezo na mafunzo, na vifaa vya kujikinga bila kuwakata mshahara. Maelezo yasiyoeleweka si maelezo. Tudai vibao vya Kiswahili na Kinyankole.

Sasa tuje kwenye fidia. Kibarua akiungua, msimamizi humpa pesa kidogo ya dawa na kumwambia: "Ni uzembe wako, tena wewe ni mkimbizi." Maneno hayo yote mawili hayana nguvu. Sheria ya Fidia ya mwaka 2000 inasema fidia italipwa hata kama ajali ilitokana na uzembe wa mfanyakazi. Na Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi aliyetambuliwa kufanya kazi ya mshahara. Aliyepoteza kabisa uwezo wa kufanya kazi anastahili mapato ya miezi 60. Tofauti ya miezi 60 na pesa ya dawa ni ada za shule za watoto na chakula cha nyumbani.

Lakini haki hii hupotea kwa kunyamaza. Kwa hiyo:

1. Mwajiri apewe habari ya ajali kabla ya mwezi 1 kwisha. Iandikwe, nawe ubaki na nakala. Asiyejua kuandika aandikiwe na mwenzake.
2. Andika majina ya walioshuhudia, siku na saa.
3. Tunza karatasi zote za hospitali.
4. Usitie sahihi wala dole gumba kwenye karatasi usiyosomewa.
5. Mwone mwakilishi wa chama, kisha Afisa wa Kazi.

Ndugu, kostiki haichagui kabila wala kitambulisho. Inamchoma mwenyeji kama inavyomchoma mgeni. Basi nasi tusibaguane. Akiumia mmoja, twende wote ofisini.

Umoja ni nguvu!