Mkubwa Akisikia Habari ya Hongo, Ni Lazima Aipeleke Mbele

Mkulima wa skimu hawezi kuepuka ofisi za Serikali. Hati ya shamba hutoka ofisini, mpaka hupimwa na mtu wa Serikali, na hata mbolea ya bei nafuu mkulima huandikishwa kwanza. Kwa hiyo mtumishi mmoja mwovu aweza kumharibia kazi ya miaka mingi. Wakulima wengi wa Njoro, Molo, Bahati na Subukia wajua kwamba wana haki ya kulalamika. Lakini si wengi wajuao kwamba mkubwa anayepokea lalamiko naye amefungwa na sheria.

SAA 24

Tuseme karani amemtaka mkulima shilingi 5,000 za "chai" kabla ya kumtafutia faili yake. Mkulima aenda kwa chifu, naye chifu amjibu, "Nendeni mkapatane." Jibu hilo halifai. Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 yaamuru kila mtumishi wa umma, akijua au akishuku kwamba kuna hongo, apeleke habari kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi (EACC) kabla ya saa 24 kupita. Asipofanya hivyo, yeye mwenyewe ametenda kosa.

Sheria hiyo yamlinda pia mtoa habari. Mtu akimtisha au kumwonea, aweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 1, au kufungwa muda usiozidi mwaka 1, au yote mawili.

MAKOSA MENGINE

Kwa maofisa wa Dola, kama vile gavana, mbunge na mjumbe wa bunge la kaunti, iko Sheria ya Uongozi na Uadilifu ya mwaka 2012. Lalamiko likifika, ofisi inayohusika ni lazima iliandikishe na kulichunguza. Ikionekana kuwa shauri lafaa kwenda kortini, ofisi hupeleka mbele: jambo la jinai kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, na jambo la madai kwa EACC au kwa Mwanasheria Mkuu.

Kwa polisi, askari akitumia nguvu hata mtu akafa au akaumia vibaya, mkubwa wake ni lazima aijulishe mara moja IPOA, mamlaka huru ya kuwasimamia polisi.

KWA NINI KARATASI?

Mwaka 2003 Rais Mwai Kibaki aliteua tume, mwenyekiti wake Bwana Paul Ndung'u, ichunguze ardhi ya umma iliyogawanywa kinyume cha sheria. Ripoti yake ya mwaka 2004 ilionyesha kwamba hata mashamba ya skimu, yaliyokusudiwa watu wasio na ardhi, yalikuwa yamepewa wakubwa wa Serikali na wanasiasa. Hati zilizotolewa kinyume cha sheria zilikisiwa kufika 200,000. Mambo hayo yalifichuliwa kwa barua, hati na orodha zilizokuwa zimehifadhiwa. Maneno ya barazani peke yake yasingaliweza kuyaonyesha.

WEWE UFANYE NINI

1. Andika siku ile ile: tarehe, mahali, jina la mtumishi, kiasi cha fedha alichotaka, na waliokuwapo.

2. Tenga uliyoyaona kwa macho na uliyoyasikia kwa watu. Usiongeze chumvi. Mtumishi anayeshtakiwa naye ana haki ya kusikizwa, na lalamiko la uongo humletea taabu mwenye kulileta.

3. Peleka barua mbili za namna moja. Moja ibaki ofisini. Ya pili igongwe mhuri, iandikwe tarehe, urudi nayo nyumbani.

4. Uliza nambari ya lalamiko, uiweke pamoja na hati ya shamba na risiti zako.

5. Ukiona hakuna jibu, au mkubwa mwenyewe ndiye mwenye kosa, nenda moja kwa moja kwa EACC, ambayo ina ofisi mjini Nakuru.

Mkulima mwema huandika lita za maziwa na magunia ya mahindi, ili asipunjwe. Na haki yake aiandike vivyo hivyo, kwa maana wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.