Kushuka nyikani na mbwa: mambo ya kujua kabla hujaondoka milimani

Huku kwetu Usambara mbwa hafugwi kwa maonyesho. Ni mlinzi wa boma, ni msaidizi wa mchungaji, na ndiye anayewafukuza nyani na nguruwe pori wasimalize mahindi. Ikifika kiangazi anamfuata bwana wake anaposhuka tambarare. Wengine hutoka Mlalo kwenda Mng'aro, wengine Mtae kwenda Mnazi, na wengine huteremka upande wa Irente na Soni hadi Mazinde na Mombo. Kuna malisho, kuna mashamba ya umwagiliaji, kuna ndugu.

Safari hiyo ni ya saa chache tu, lakini kwa mbwa ni sawa na kuhamia nchi nyingine. Tumekuwa tukipokea ujumbe wa wasikilizaji wakieleza kuwa mbwa mzima, mwenye nguvu, ameanguka njiani mchana na kufa. Wengine hudhani amelishwa sumu au amerogwa. Mara nyingi kilichomuua ni joto. Makala haya yanaeleza jinsi joto linavyomdhuru mbwa, hatari nyingine za njiani, na jambo kubwa kuliko yote, yaani kichaa cha mbwa, ambacho hakimalizi mbwa peke yake.

Kwa nini joto humshinda mbwa

Mji wa Lushoto uko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Mombo iko chini yake kwa takribani mita 1,000. Kwa kawaida ukishuka mita 1,000 joto huongezeka kwa nyuzi 6 hivi. Hiyo ni hewa tu. Ongeza jua lisilo na kivuli cha miti ya mlimani, na mchanga uliopashwa tangu asubuhi.

Binadamu akipata joto hutoka jasho mwili mzima, na jasho likikauka linampoza. Mbwa hana namna hiyo. Anatoka jasho kidogo tu kwenye nyayo. Njia yake kubwa ya kujipoza ni kuhema haraka, ulimi nje, ili unyevunyevu wa mdomoni na kooni uondoke na joto. Kuhema huko kunamaliza maji ya mwili upesi. Maji yakiisha, hana tena cha kujipozea.

Tatizo la pili ni uaminifu wake. Wewe ukichoka unakaa chini ya mgunga. Mbwa hasemi. Akiona bwana wake anatembea, naye anatembea, mpaka miguu inamkatalia. Kwa hiyo mwenye akili ya kupumzika lazima awe mwanadamu.

Jambo hili halipo kwetu tu. Katika jiji la Phoenix, jimbo la Arizona huko Marekani, ambako ni jangwa, mamlaka ya jiji hairuhusu mbwa kwenye njia zake za milimani joto linapofika nyuzi 38. Huko wana barabara nzuri na magari ya kubeba wagonjwa, na bado wanaona ni hatari.

Maji, saa na miguu

Anza safari mapema. Ukiondoka alfajiri, saa kumi na moja au kumi na mbili, utafika tambarare kabla jua halijakaza. Kurudi, subiri baada ya saa kumi jioni. Kati ya saa tano asubuhi na saa kumi jioni, mbwa akae kivulini.

Mbwa wa kienyeji wa kilo 15 hadi 20 huhitaji takribani lita 1 ya maji kwa siku akiwa ametulia nyumbani. Akitembea juani anahitaji mara mbili au zaidi. Usitegemee makorongo, maana wakati wa kiangazi mengi ni mchanga mtupu. Beba kidumu cha lita 3 au 5 pamoja na bakuli la plastiki, umpe kidogo kidogo kila nusu saa. Asinywe maji yote kwa mkupuo halafu akaanza kukimbia.

Kabla ya kumpitisha kwenye lami au mchanga wa mchana, weka mgongo wa kiganja chako ardhini na uhesabu hadi saba polepole. Kama huwezi kuvumilia, nyayo zake nazo zitaungua. Mbwa wa mlimani amezoea udongo wenye unyevu na majani, na ngozi ya nyayo zake ni laini kuliko ya mbwa wa nyikani. Mkague miguu kila mnapopumzika, utoe miiba.

Mbwa mzee, mnene, mwenye mimba au mdogo wa miezi michache asishuke kabisa wakati wa joto.

Dalili za hatari na la kufanya

Joto la kawaida la mwili wa mbwa ni nyuzi 38 hadi 39 na kidogo. Likivuka 41, viungo vya ndani huanza kuharibika. Hutakuwa na kipimajoto njiani, kwa hiyo tazama haya: anahema kwa kelele bila kukoma, mate yanakuwa mazito, ufizi unakuwa mwekundu sana kisha unapauka, anapepesuka, anatapika au kuharisha, anaanguka.

Ukiona hivyo, msimamishe hapo hapo. Mpeleke kivulini. Mmwagie maji mwili mzima, hasa tumboni, kwapani na miguuni, kisha mpepee kwa kofia au khanga, kwa sababu upepo juu ya maji ndio unaoondoa joto. Endelea mpaka kuhema kupungue. Mpe maji anywe mwenyewe, lakini kama hana fahamu usimmiminie mdomoni, yataingia kwenye mapafu. Usimfunike kwa nguo iliyolowa na kumwacha, kwani nguo ikipata moto inamzuia kupoa. Hata akisimama, safari ya siku hiyo imekwisha. Mwone mtaalamu wa mifugo wa kata, maana madhara mengine hujitokeza siku ya pili au ya tatu.

Nyoka, kupe na viroboto

Kifutu hulala njiani bila kutikisika, na mbwa huingiza pua yake kila mahali. Ndiyo maana mbwa wengi huumwa usoni au mguu wa mbele. Mfunge kamba mnapopita kwenye majani marefu na mawe. Akiumwa, mbebe asitembee, na mwahi mtaalamu. Usichanje, usifyonze, usifunge kamba ya kubana. Akitemewa mate na swila, msafishe macho kwa maji mengi.

Nyikani kuna kupe wengi kuliko milimani, na maeneo mengine yana mbung'o. Mbwa aliyerudi safari akikosa hamu ya kula, akakonda, ufizi ukapauka au macho yakawa na ukungu, ana dalili za magonjwa ya damu yanayoletwa na wadudu hawa. Mkague masikioni, shingoni na kati ya vidole jioni ile ile mnaporudi.

Na viroboto tusiwapuuze. Wazee wetu wanaikumbuka tauni, iliyozuka wilaya ya Lushoto mwaka 1980 na kurudi tena na tena kwa zaidi ya miaka 20, ikaua mamia ya watu. Tauni huenezwa na viroboto wa panya. Mbwa anayechimba mashimo ya panya porini anaweza kuwabeba wadudu hao hadi nyumbani. Alale nje, kwenye banda lake, wala si chini ya kitanda cha watoto.

Mipaka ya hifadhi

Vijiji vya tambarare ya kaskazini viko jirani na Mkomazi, iliyokuwa pori la akiba tangu 1951 na kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2008. Ndani ya hifadhi ya taifa mbwa wa kufugwa haruhusiwi. Sababu si ukali wa askari. Mkomazi kuna mradi wa kuzalisha mbwa mwitu, wanyama waliobaki wachache sana Afrika, na magonjwa ya mbwa wetu huwamaliza wao haraka. Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa uliua simba wapatao 1,000 katika Serengeti, karibu theluthi moja ya simba wote wa huko, na watafiti waliuhusisha na mbwa wa vijijini.

Kwa misitu yetu, kama Hifadhi ya Mazingira Asilia Magamba, waulize kwanza maofisa wa misitu. Ukikutwa msituni na mbwa wasiofungwa unaweza kuhesabiwa kuwa mwindaji, hata kama ulikuwa unapita tu.

Adabu njiani

Njia ni ya wote. Waislamu wengi wa huku ni wa madhehebu ya Shafi, na kwao mate ya mbwa ni najisi: kinachoguswa huoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Mbwa wako akimrukia mtu anayekwenda msikitini na mate yakamgusa, umemtia najisi nguo zake. Unapokaribia watu, msikiti, shule au soko, shika kamba fupi, sogea pembeni, salimia, waache wapite. Hiyo kamba inawalinda pia watoto, na watoto ndio tunaofika kwao sasa.

Kichaa cha mbwa

Duniani kote ugonjwa huu unakadiriwa kuua watu 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na katika kila wagonjwa kumi, wanne ni watoto wa chini ya miaka 15. Karibu wote huambukizwa na mbwa. Dalili zikishaanza kwa binadamu, kama kuogopa maji, kushindwa kumeza na kuchanganyikiwa, kifo ni karibu hakika. Hakuna dawa.

Lakini kabla ya dalili kuanza, ugonjwa unazuilika. Virusi hutembea polepole kupitia mishipa ya fahamu kuelekea ubongoni, mara nyingi kwa wiki kadhaa au miezi, na chanjo inaweza kuvitangulia. Tarehe 6 Julai 1885, mtoto wa miaka 9 aitwaye Joseph Meister alipata chanjo ya Louis Pasteur mjini Paris, siku mbili baada ya kuumwa na mbwa. Hakuugua.

Ukiumwa, ukikwaruzwa au ukilambwa kwenye kidonda na mbwa usiyemwamini, fanya hivi:

Kwanza, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili. Sabuni ya kipande ya kufulia inatosha. Hatua hii pekee inaondoa virusi vingi. Usipake mafuta ya taa, pilipili, tumbaku wala majani.

Pili, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Si kila zahanati ina chanjo, kwa hiyo piga simu kwanza uulize ilipo, iwe hospitali ya wilaya au Bombo kule Tanga. Sindano hurudiwa siku ya 3 na ya 7, na nyingine baadaye kulingana na maelekezo ya daktari. Malizia zote. Ni gharama kubwa kwa kaya nyingi, lakini deni hulipwa, mtoto harudi.

Tatu, mbwa aliyeuma asiuawe kwa hasira kama anaweza kufungwa kwa usalama. Mtoe taarifa kwa mtaalamu wa mifugo, atazamwe siku 10. Akibaki mzima, daktari ataamua kuhusu sindano zilizobaki. Lakini usisubiri siku hizo ndipo uanze chanjo.

Kinga ya kweli ni kumchanja mbwa mwenyewe. Wataalamu wanasema asilimia 70 ya mbwa wa eneo wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Maana yake katika kila mbwa kumi wa kijijini, saba wawe wamechanjwa, na chanjo irudiwe kila mwaka. Siku ya kichaa cha mbwa duniani ni 28 Septemba, lakini huna haja ya kuingoja. Wiki hii muulize mtaalamu wa mifugo wa kata yako lini anachanja, na umjulishe jirani.

Mbwa aliyechanjwa, mwenye kamba shingoni na maji kwenye kidumu chako, ndiye wa kushuka naye Mng'aro. Ambaye hajachanjwa, mwache nyumbani kwanza.