Damu inaporejea kwenye figo iliyopandikizwa: hatari yake na kinga yake

Upandikizaji wa figo, ambao kwa miaka mingi wagonjwa wengi wa Afrika Mashariki waliufuata India, sasa unafanyika karibu na nyumbani. Hospitali ya King Faisal mjini Kigali ilianza huduma hiyo mwaka 2023, na mwishoni mwa mwaka huo huo Hospitali ya Mulago, Kampala, ikapandikiza figo kwa mara ya kwanza nchini Uganda.

Katika kila upasuaji wa aina hiyo ipo dakika ambayo jamaa wanaosubiri nje hawaioni: daktari huachia vibanio, na damu ya mgonjwa huingia katika figo iliyotoka kwa mtu mwingine. Mtu angedhani kwamba hapo hatari imekwisha. Kwa seli za figo, sehemu kubwa ya madhara huanzia hapo hapo.

Figo iliyokatiwa damu hukosa oksijeni. Seli zake hutumia akiba ya nishati hadi iishe, kisha huvimba na kurundika asidi. Ndani ya mitokondria, sehemu za seli zinazozalisha nishati, hukusanyika dutu iitwayo suksineti. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 katika jarida la Nature ulionyesha kwamba oksijeni inaporudi, suksineti hiyo huunguzwa kwa kasi na kuzaa radikali huru, yaani molekuli kali zinazoshambulia utando wa seli. Mishipa midogo nayo hujikaza, na chembe nyeupe za damu hunata kwenye kuta zake. Damu hufika mlangoni mwa figo lakini isipenye ndani ipasavyo. Matokeo yake, figo mpya huchelewa kufanya kazi, na mgonjwa aliyetarajia kuachana na mashine ya kusafisha damu hurejeshwa kwake kwa siku kadhaa au hata wiki.

Kinga ya kwanza ni baridi. Figo husukumiwa kimiminika cha kuondoa damu, kisha huhifadhiwa kwenye barafu, katika nyuzijoto 4 hivi, ili mahitaji yake ya nishati yashuke. Kimiminika chenyewe ni dawa. Kile kilichobuniwa miaka ya 1980 na Folkert Belzer na James Southard, wa Chuo Kikuu cha Wisconsin nchini Marekani, kina glutathioni, ambayo ni antioksidanti, yaani kizuizi cha radikali huru. Kina pia alopurinoli, dawa inayofahamika zaidi kwa wagonjwa wa jongo, inayozuia kimeng'enya kimojawapo kinachozalisha radikali hizo. Adenosini iliyomo humsaidia seli kujenga upya nishati yake.

Mshipa wa figo ukijikaza wakati wa upasuaji, madaktari huweza kuudondoshea papaverini, dawa ya kutanua mishipa. Hapa uangalifu ni mkubwa: dawa ya aina hiyo ikienea mwilini huweza kushusha shinikizo la damu la mgonjwa, na figo ikakosa damu kwa mara ya pili. Madaktari wengi humpa mgonjwa pia manitoli muda mfupi kabla ya kuachia vibanio. Dawa hiyo ya zamani huongeza mkojo na hudhaniwa kudhibiti radikali huru.

Kwa wagonjwa wa mshtuko wa moyo, hata hivyo, antioksidanti zimewavunja moyo watafiti. Jaribio lililochapishwa mwaka 1994 liliwapa wagonjwa kimeng'enya kinachoharibu radikali huru wakati mshipa wa moyo ukizibuliwa, na halikuonyesha nafuu. Radikali nyingi huzaliwa katika dakika za mwanzo, tena ndani ya seli, mahali ambapo dawa iliyopita kwenye damu huchelewa kufika au haifiki kabisa. Figo ya kupandikizwa ina bahati ambayo moyo huo hauna: daktari huwa nayo mkononi kabla damu haijarudi.

Figo inayotolewa na ndugu aliye hai, katika chumba cha jirani, hukaa bila damu kwa muda mfupi. Ya mtu aliyefariki huweza kukaa kwenye barafu saa 24 au zaidi. Katika jaribio la Ulaya lililochapishwa mwaka 2009, kila mtoaji aliyefariki figo yake moja iliwekwa kwenye barafu na ya pili kwenye mashine inayoizungushia kimiminika baridi mfululizo. Zile za mashine zilichelewa kuamka mara chache zaidi.