SHERIA PASIPO SULUHU NI NUSU YA ELIMU

Kijana amalizapo shahada ya kwanza ya sheria huulizwa na wazee wake: sasa wataka nini tena? Wapo wanaojibu kwamba wataka shahada ya uzamili inayounganisha mambo mawili, sheria na utatuzi wa migogoro. Katika vyuo vikuu kadhaa vya Marekani mafunzo hayo hufundishwa sambamba. Mwanafunzi hutoka na shahada mbili, na kwa kuwa baadhi ya masomo huhesabiwa pande zote, muda wake huwa mfupi kuliko kusoma moja kwanza na nyingine baadaye. Wazee husema njia mbili zilimshinda fisi. Kwa jambo hili twaomba kuwapinga, na ushahidi wetu twautoa Morogoro.

Katika miaka ya 1950 Serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi milimani ili udongo usichukuliwe na mvua. Kuhifadhi udongo ni jambo jema. Lakini ardhi ya Uluguru ilikuwa mali ya koo, na ukoo huko huhesabiwa kwa upande wa mama. Tena wengi walilima mashamba ya kuazima kwa koo nyingine. Je, aliyechimba ngazi kwa jasho lake katika shamba la kuazima angepata haki gani juu yake? Na wenye ukoo wangebaki na nini? Amri ilikuwa na nguvu ya sheria, lakini swali hilo haikulijibu. Mwezi wa Julai 1955 ghasia zikazuka Matombo, mtu akapoteza maisha yake, na mpango ukaachwa.

Isidhaniwe ya kwamba hayo yalikuwa matatizo ya wakoloni peke yao. Tarehe 8 Desemba 2000, huko Rudewa Mbuyuni katika Wilaya ya Kilosa, watu 38 waliuawa katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ilikuwa imekwisha kupitishwa mwaka 1999. Sheria ilikuwapo, kilichokosekana ni mtu wa kukaa katikati kabla ya silaha kutolewa.

Nchi yetu imelitambua jambo hili. Mabaraza ya Ardhi ya Vijiji yana wajumbe saba, watatu wao wanawake, na kazi yao ni kusuluhisha. Tangu mwaka 2021 Mabaraza ya Kata nayo yameondolewa mamlaka ya kukata mashauri ya ardhi, yakaachiwa usuluhishi tu. Shauri haliwezi kusikilizwa na Baraza la Wilaya mpaka Kata ithibitishe kwamba imeshindwa kuwapatanisha wanaogombana, au siku 30 ziwe zimepita. Katiba yenyewe, katika Ibara ya 107A, yaziagiza mahakama zikuze usuluhishi.

Basi nani atawafundisha wajumbe hawa? Wakili haruhusiwi kusimama mbele ya Baraza la Kata, na hiyo ni busara, kwa maana mkulima asiye na fedha angeshindwa kabla ya kusema. Lakini mjumbe aliyeachwa bila mafunzo naye aweza kuwapatanisha watu kwa kumdhulumu mjane. Hapo ndipo twamhitaji msomi wa njia zote mbili: ajue kwamba mila inayomnyima mwanamke ardhi haina nguvu mbele ya sheria, na ajue pia namna ya kuwaeleza wazee jambo hilo wasione wametukanwa.

Chini ya milima hiyo hiyo kipo Chuo Kikuu Mzumbe. Kilianza mwaka 1953 kama shule ya serikali za mitaa, na baada ya uhuru kikawafunza pia mahakimu wa mahakama za chini. Leo chafundisha sheria katika ngazi ya chuo kikuu. Chuo chenye asili hiyo, na chenye migogoro ya ardhi mlangoni pake, chastahili kuwa mahali pa elimu hii iliyounganishwa.

Wala faida yake haiishii kijijini. Marehemu Mark Bomani, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali kuanzia mwaka 1965, ndiye aliyemsaidia Mwalimu Nyerere, na baada ya kifo cha Mwalimu mwaka 1999 akamsaidia Mandela, katika mazungumzo ya Burundi. Mkataba ulitiwa sahihi Arusha tarehe 28 Agosti 2000.

Kwa hiyo, mfanyakazi au kijana atakaye kutumia akiba yake kwa masomo haya asitazame jina la shahada tu. Na aulize kama atafundishwa kusikiliza watu, ama kusoma vitabu peke yake. Na kama atapelekwa mabarazani akaone kazi ilivyo. Hukumu humpa mmoja shamba. Suluhu ya haki huwawezesha wote wawili kuchota maji katika kijito kimoja siku ya pili yake.