Anayewahoji wakimbizi naye huumia

Msomaji wa safu hii aliyeko Kigoma, mama wa watoto watatu, ameniandikia kuhusu mume wake. Mume ni mtumishi wa serikali ambaye kazi yake ni kuwahoji watu wanaoomba hifadhi ya ukimbizi na kuandika kama wanastahili au la. Hanywi pombe, hana ugomvi na mtu. Lakini kwa miezi kadhaa sasa anaamka saa nane usiku na kukaa sebuleni gizani. Amemkataza binti yao wa miaka tisa kwenda hata dukani. Akiulizwa kuna nini, hujibu, "Kazi tu." Mama huyu anauliza: daktari, mtu anaweza kuugua kwa kusikiliza?

Anaweza. Nimeamua kulijibu swali hili kwa urefu kwa sababu ugonjwa wa aina hii ukimpata mtu mwenye kazi hiyo, hauishii kwake na familia yake. Unaweza kuingia hadi kwenye uamuzi wa maisha ya mtu mwingine.

Tuanze na kazi yenyewe, maana wengi wetu hatuijui. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 unamlinda mtu mwenye hofu ya msingi ya kuteswa kwao kwa sababu ya rangi au asili yake, dini, uraia, kundi la kijamii alilomo au msimamo wake wa kisiasa. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969 uliongeza wanaokimbia uvamizi na machafuko makubwa. Hapa kwetu Sheria ya Wakimbizi ya 1998 imebeba maana zote mbili, na kuna kamati ya kitaifa inayopitia maombi na kutoa mapendekezo kwa waziri. Warundi walipoanza kuingia kwa wingi mwaka 2015 walitambuliwa kwa pamoja, bila kila mmoja kutakiwa kuthibitisha kisa chake. Mwanzoni mwa 2017 utaratibu huo ulisitishwa kwa waliokuwa wakiwasili, ikawa kila mmoja atazamwe peke yake. Maana yake ni kwamba lazima awepo mtu wa kukaa mezani, kusikiliza kisa kimoja baada ya kingine, kuuliza na kuandika.

Mimi kama daktari nasikia mambo ya kuumiza kila wiki. Lakini nikisikia maumivu, nina la kufanya: natoa dawa, naagiza vipimo, namshika mgonjwa mkono. Afisa anayehoji hana ruhusa hiyo. Mama akimweleza namna alivyobakwa mbele ya watoto wake, yeye anatakiwa aulize ilikuwa saa ngapi, wanaume walikuwa wangapi, walivaa nguo gani. Anatakiwa kusikiliza na kutilia shaka kwa wakati mmoja. Kisha anafunga faili na kuita anayefuata, akijua kwamba akikosea upande mmoja amempa hifadhi asiyestahili, na akikosea upande wa pili huenda amemrudisha mtu kwa waliotaka kumuua.

Mwili hautofautishi sana hatari unayoiona na hatari unayosimuliwa kwa undani. Mapigo ya moyo hupanda, misuli hukaza, homoni za msongo humwagika kwenye damu. Ikitokea mara moja, mwili hutulia. Ikitokea mara nne kwa siku, siku tano kwa wiki, kwa miaka, kengele ya hatari ndani ya ubongo huanza kulia yenyewe hata nyumbani, hata usiku. Wataalamu wa saikolojia walianza kuliandika jambo hili kwa jina lake mwanzoni mwa miaka ya 1990, walipowachunguza wenzao waliokuwa wakitibu watu walioteswa. Mwaka 2013 madaktari wa akili wa Marekani, katika toleo la 5 la mwongozo wao wa kutambua magonjwa, waliandika wazi kwamba mtu anaweza kupata ugonjwa wa kiwewe kwa kukutana mara kwa mara, kwa sababu ya kazi, na maelezo ya kutisha ya yaliyowapata wengine. Kwa hiyo, mama, mume wako hajidekezi.

Dalili huja kwa njia mbili, na ya pili ndiyo wengi hawaitambui. Ya kwanza ni ile unayoieleza wewe: usingizi kukatika, ndoto za visa vya watu wengine, kushtuka mlango ukigongwa, kuona hatari kila mahali. Kumzuia binti kwenda dukani ni dalili ninayoikuta mara kwa mara kwa wazazi wa namna hii. Mtu aliyesikia visa mia vya watoto waliochukuliwa njiani hawezi tena kuiona njia ya dukani kama mnavyoiona nyie. Mwili nao hulalamika: kichwa kuuma, kifua kubana, tumbo kuwaka moto, presha kupanda.

Njia ya pili ni ganzi. Afisa haoti kitu, halii, analala vizuri, ila hasikii tena. Kisa kikianza anajua kitakavyoisha. Anaanza kusema wakimbizi wote wamefundishwa cha kusema kwa sababu hadithi zao zinafanana. Zinafanana kweli, kundi lenye silaha likivamia vijiji kumi huwafanyia watu wa vijiji vyote kumi mambo yale yale. Lakini kichwa kilichochoka kinaona ni rahisi zaidi kuamini kwamba watu wanadanganya kuliko kuamini kwamba haya yote yametokea. Ganzi hii humkinga anayehoji. Mwenye kuilipia ni yule aliyeketi upande wa pili wa meza.

Upande huo wa pili nao una matatizo yake ya kitabibu, na hapa naomba tukae kidogo, kwa kuwa baadhi ya wasomaji wangu wamewahi kuhojiwa hivyo au wana ndugu waliohojiwa. Kumbukumbu ya tukio la kutisha haihifadhiwi kama picha ya video. Wakati wa hofu kali ubongo hukazia macho jambo moja, mara nyingi silaha au uso wa mtu, na mengine huyaacha. Ndiyo maana mtu anaweza kukueleza harufu ya moshi na sauti ya mtoto wake, lakini asijue kama ilikuwa Machi au Mei. Mkulima wa Fizi au Ruyigi anaweza kukwambia ilikuwa wakati wa kupanda maharage, na huo ni ukweli wake kamili. Mhoji anataka tarehe.

Mwaka 2002 jarida la madaktari wa Uingereza, British Medical Journal, lilichapisha utafiti wa Jane Herlihy na wenzake uliowahusu wakimbizi 27 kutoka Kosovo na 16 kutoka Bosnia. Walikuwa tayari wameruhusiwa kubaki Uingereza, kwa hiyo hawakuwa na faida yoyote ya kudanganya. Waliulizwa kuhusu matukio yale yale zaidi ya mara moja. Kutofautiana kwa majibu kulikuwa jambo la kawaida, hasa kwenye mambo ya pembeni kuliko kwenye kiini cha tukio. Na kwa wale wenye dalili kali za kiwewe, kadiri muda kati ya mahojiano ulivyokuwa mrefu ndivyo tofauti zilivyoongezeka. Yaani mtu aliyeumia zaidi, akisubirishwa zaidi, ndiye anayeonekana mwongo zaidi.

Ongeza na lugha. Mwanamke anasema ana watoto watano. Mahojiano ya pili anasema watatu. Sisi tuliolelewa na mama wadogo na mama wakubwa tunaelewa mara moja: wawili ni wa marehemu dada yake, na siku ya kwanza aliulizwa watoto wake, siku ya pili aliulizwa aliowazaa. Kwenye faili tofauti hiyo inaweza kusomeka kama uongo.

Kovu nalo halisemi kila kitu. Upo mwongozo wa Umoja wa Mataifa uitwao Itifaki ya Istanbul, wa mwaka 1999 na uliosahihishwa 2022, unaotuelekeza madaktari namna ya kuandika dalili za mateso. Tunapima ni kwa kiasi gani kovu linalingana na maelezo ya mtu, kuanzia lisilolingana kabisa hadi lile ambalo halielezeki kwa njia nyingine. Mwongozo huo unasema pia kwamba kukosekana kwa kovu si ushahidi kwamba hakuna mateso. Aliyepigwa nyayo kwa fimbo anaweza baada ya wiki chache asiwe na alama inayoonekana. Kama unakwenda kuhojiwa na uliwahi kuumizwa, nenda hospitali kwanza, mweleze daktari yote, uombe aandike aliyoyaona mwilini na aliyoyaona kwenye usingizi wako, woga wako na kumbukumbu zako. Na ukiwa mezani usibuni tarehe kwa kuogopa. Kusema "sikumbuki tarehe, ila mvua zilikuwa zimeanza" ni jibu.

Afisa mwenye afya nzuri anaweza kuyabeba haya yote kichwani: kwamba tarehe kupishana si lazima uwe uongo, kwamba mtu kucheka anaposimulia msiba inaweza kuwa kiwewe. Kitabu cha mwongozo cha shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa cha mwaka 1979 kinataka mwombaji, akishafanya jitihada ya kweli na maelezo yake yakiaminika kwa ujumla, apewe nafasi pale ambapo shaka imebaki. Kumpa mtu nafasi hiyo kunahitaji utulivu wa akili. Mtu ambaye hajalala wiki tatu hana.

Sasa matibabu. Dalili zikidumu zaidi ya mwezi, au kazi na nyumba vikianza kuharibika kabla ya hapo, mtu aende kwenye kitengo cha afya ya akili. Hospitali nyingi za rufaa za mikoa wanacho. Matibabu yenye ushahidi mzuri ni ya mazungumzo, yanayofanywa na mtaalamu aliyefunzwa kiwewe, kwa vikao kadhaa. Dawa za sonona husaidia baadhi ya watu, na hazifanyi kazi kwa siku mbili. Zinahitaji wiki kadhaa. Ninachowasihi ni kutokwenda duka la dawa kununua diazepamu ili mtu alale. Ndiyo, utalala. Lakini mwili huizoea haraka, na Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa 2013 lilishauri dawa za kundi hilo zisitolewe kwa waliopatwa na tukio la kutisha ili kupunguza dalili za mwezi wa kwanza. Pombe ni vivyo hivyo.

Maafisa wengi hunyamaza kwa sababu ya kiapo cha kutunza siri. Hilo ni jema, na mtaalamu hahitaji kujua jina, kijiji wala namba ya faili. Anachohitaji kusikia ni kinachotokea ndani yako: unaota nini, unakwepa nini, lini ulicheka mara ya mwisho. Wakuu wa kazi nao wana sehemu yao, na kwa maoni yangu ndiyo kubwa zaidi. Mtu asipangiwe visa vya ubakaji na mauaji mfululizo wiki nzima. Awe na mwenzake wa kupitia naye uamuzi mgumu. Na mshauri nasaha anayeletwa ofisini asiwe yule yule anayepeleka ripoti kwa bosi, maana hakuna atakayemfungulia moyo.

Nyumbani, mama, usimlazimishe asimulie. Muulize usingizi ulikuwaje, kisha msindikize hospitali. Wanaume wengi huja kwangu kwa sababu mke amekaa nao kwenye benchi. Akitoka kazini apate nusu saa ya kutembea au kuoga kabla ya kukaa na watoto. Mazungumzo ya simu kuhusu visa yasifanyike watoto wakisikia. Huyo wa miaka tisa ameshaona baba amebadilika, na mtoto asipoelezwa hudhani kosa ni lake. Mwambieni: baba kazini husikiliza habari za kuhuzunisha, amechoka, daktari anamsaidia, wewe hujakosea kitu. Kuhusu dukani, aanze kwenda na mkubwa wake, baba akimwangalia kutoka barazani, kisha taratibu aende peke yake. Baba anahitaji kumwona akirudi salama mara nyingi. Hiyo nayo ni tiba.

Lakini akianza kusema hana haja ya kuishi, au kwamba mngekuwa na nafuu bila yeye, msisubiri miadi. Nendeni hospitali siku hiyo hiyo, asiachwe peke yake.

Kuna mmoja ambaye hukumtaja kwenye barua yako, na ofisi nyingi humsahau. Ni mkalimani. Yeye hatafsiri kwa kusema "anasema alibakwa." Utaratibu unamtaka aseme kama alivyosema mhojiwa: "Nilibakwa. Walimuua mume wangu." Kutwa nzima anasema mimi, kwa lugha mbili, na mara nyingi ametoka kijiji kile kile wanachokizungumzia. Wengi wao ni vijana, baadhi nao ni wakimbizi, na wakimaliza hurudi kulala kambini. Kama mkalimani ni mtoto wako, au mpangaji wako, dalili ni hizo hizo na kliniki ni hiyo hiyo.