Hospitali zinapodhibiti intaneti, elimu ya tiba isifungiwe nje

MJI wa Gilgil uko kando ya barabara kuu ya Nairobi kuelekea Nakuru, na hospitali yake hupokea wagonjwa saa zote. Tabibu aliye zamu usiku huenda akahitaji kuhakiki kipimo cha dawa ya mtoto kwa dakika chache tu. Hospitali kuu ya kaunti iko mjini Nakuru, na marejeo mapya yako mtandaoni. Tovuti anayoitafuta ikiwa imefungwa, anayeumia ni mgonjwa.

Hata hivyo, hospitali zina sababu za kuweka vikwazo. Kwanza, laini moja ya intaneti hutumiwa na ofisi nyingi. Tangu 2011, takwimu za afya nchini Kenya hutumwa kupitia mfumo wa DHIS2, na video za burudani zikijaza laini hiyo, kazi hukwama. Pili ni usalama. Mnamo Mei 2017, kirusi cha WannaCry kilivuruga hospitali nyingi za Uingereza, na maelfu ya miadi ya wagonjwa ikafutwa. Tatu, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazitaka taasisi kulinda siri za wagonjwa.

Tatizo ni namna vikwazo vinavyowekwa. Kichujio cha tovuti hakitambui nia ya msomaji. Makala kuhusu saratani ya matiti au magonjwa ya zinaa huweza kuzuiwa pamoja na picha za ngono. Utafiti wa wakfu wa Kaiser nchini Marekani, uliochapishwa mwaka 2002, ulibaini kuwa vichujio vilivyolegezwa vilizuia asilimia 1.4 ya tovuti za afya, ilhali vilivyokazwa kabisa vilizuia asilimia 24. Kwa upande wa ponografia, kukaza huko kuliongeza ufanisi kidogo tu, kutoka asilimia 87 hadi 91.

Maktaba za tiba nazo huathirika. Mpango wa Hinari, uliozinduliwa na Shirika la Afya Ulimwenguni (WHO) mwaka 2002, huzipa taasisi za nchi zenye kipato cha chini majarida ya tiba bila malipo au kwa ada nafuu. Msomaji huingia kwa nywila ya taasisi na kupitishwa katika seva ya kati. Vichujio vingi huzuia seva za aina hiyo, vikidhani ni njia ya kukwepa udhibiti. Nayo nywila ikisambazwa ovyo, taasisi nzima huweza kukatiwa huduma.

Suluhu haihitaji fedha nyingi. Mtandao wa rekodi za wagonjwa utengwe na ule wa maktaba na wa wageni. Mkutubi na matabibu waandae orodha ya tovuti zisizozuiwa kamwe. Video zipunguziwe kasi mchana badala ya kufungwa. Miongozo ya tiba ihifadhiwe ndani ya tarakilishi, isomeke hata laini ikikatika. Muhimu zaidi, kila zamu, hata ya usiku, iwe na afisa mwenye idhini ya kufungua tovuti iliyozuiwa kimakosa, kwani mgonjwa hawezi kusubiri ofisi ifunguliwe asubuhi.